Mtaa Ambao Sitautaja

Juzi Jumanne niliingizwa kwenye grupu ya simu bila kuulizwa. Nilikuwa nasuuza vikombe, mikono imejaa povu, simu ikaanza kutetemeka juu ya friji na haikunyamaza. Hadi nijifute, ujumbe arubaini na kitu. Grupu yenyewe inaitwa Alhamisi Inarudi, na picha yake ni mimi na Wanjohi tukiwa vijana wembamba, tumekaa kwenye kitanda chake kule Satellite, pembezoni mwa Nairobi, kompyuta kubwa ya mezani katikati yetu, mimi nimeshika kikombe, yeye amenyoosha kidole kama anayehubiri. Watu nisiowajua wananiita mama wa ushairi mtandaoni. Mwingine anasema sisi wawili ndio tuliotoa fasihi kwenye rafu za chuo tukampelekea mwananchi wa kawaida. Nilisoma yote nikiwa nimesimama, povu likinikaukia mikononi, na hasira ikanipanda kuanzia miguuni. Aliyeanzisha grupu ni mhadhiri kijana anaitwa Chebet, binti mwenye adabu, kila sentensi yake inaanza na samahani mwalimu. Anataka kurudisha mtandaoni makala yetu yote ya zamani pamoja na maoni ya wasomaji, halafu aifanye kazi hiyo kitabu. Mwisho wa ujumbe wake ameandika: hasa yale maoni ya Msonaji, ambayo wanafunzi wangu wanayapenda sana. Nikaketi chini, pale pale jikoni.

Basi nitaandika mwenyewe kabla hawajaandika wao. Na nitoe onyo mapema. Huyo mwanamke nitamwita Msonaji kwa sababu ndivyo alivyojiita, mshonaji kwa tahajia yake mwenyewe. Mambo mengine kumhusu nimeyageuza na sitakuambia ni yapi. Mtaa wa duka lake usiniulize. Najua wapo watakaoguna, kumbukumbu gani hizi zisizo na mahali, mbona Satellite anaitaja na Uthiru anaitaja lakini akifika mjini anaanza kumumunya maneno. Wagune. Nimefundisha watu kuandika kwa zaidi ya miaka ishirini na nimewaambia kila mwaka kwamba andiko lisilo na mahali halina miguu. Leo naandika lisilo na miguu, na nina sababu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mimi na Wanjohi tulikuwa tumemaliza shahada ya pili na kupewa kile walichokiita usaidizi wa mhadhiri, maana yake ulifundisha masomo ambayo wakubwa hawakuyataka, ukasahihisha mitihani yao, na ofisi yako ilikuwa benchi la kwenye ujia karibu na choo. Sote wawili tulikuwa tumesomea Ulimbwende, wale washairi wa Ulaya wa zamani waliochoshwa na miji na moshi wa viwanda, wakaenda kuimba milima, maziwa na upweke. Ukiwaambia watu hivyo walikucheka. Mwenye nyumba wangu kule Uthiru aliniuliza kama nimesoma miaka yote hiyo ili nijue mzungu alisema nini juu ya ua. Nilikasirika, kwa sababu hakuwa amekosea sana. Ndipo Wanjohi akaja na wazo. Kila Alhamisi tutachukua shairi moja, tulitafsiri kwa Kiswahili cha kueleweka, halafu tulieleze kama tunavyoongea, bila yale maneno ya seminari, na tuliweke mtandaoni ambapo mtu yeyote aliye saiba, yale maduka ya intaneti, anaweza kulisoma. Tuliiita Shairi la Alhamisi. Hatukumwomba mkuu wa idara ruhusa, maana tulijua angetuundia kamati.

Chumba cha Wanjohi kilikuwa Satellite, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya fundi wa kuchomelea mageti. Fundi akiwasha mashine yake, taa zilififia na kompyuta ikazima, na kama hukuwa umehifadhi kazi yako, imekwenda. Kwa hiyo tulijifunza kusikiliza. Tukisikia geti linaburutwa kule chini, Wanjohi anapiga kelele, hifadhi, hifadhi, nami nabonyeza. Tulikuwa tukila githeri, mahindi na maharage, kwa parachichi, sahani juu ya magoti, au chapati na ndengu kutoka kibanda cha mama mmoja hapo nje ambaye alitujua kama wale wa mashairi. Kulikuwa na harufu ya chuma kilichoungua na ya kitunguu. Hatukuwa na mtandao pale, hivyo makala ikiisha tuliibeba kwa disketi hadi saiba moja ya Dagoretti Corner, tukakaa wawili kwenye kiti kimoja, tukaipandisha. Kisha tukasubiri kuona nani ameandika. Nikisema nilikuwa na furaha mwaka ule sidanganyi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Tulikuwa na desturi yetu, na ndiyo iliyozaa balaa, kwa hiyo naomba uikumbuke. Hakuna makala iliyotoka bila mwenzako kuipitia kwa penseli. Uliichapisha, nafasi mbili kati ya mistari kama tulivyofundishwa na msimamizi wetu, na mwenzako akaandika pembeni. Mimi nilikuwa mkali kumshinda yeye. Wanjohi alikuwa na ulimi mtamu na alipenda kuelea juu juu, na kazi yangu ilikuwa kumshusha. Nani hasa? Lini? Umejuaje? Aliposema watu wengi, niliandika wangapi. Aliposema mahali fulani, niliandika wapi hasa. Aliniita Penseli mbele za watu, na mimi nikalichukua jina hilo kuwa sifa.

Wasomaji wakaanza kuja. Askari wa lango la ofisi moja mjini aliandika kwamba amelisoma shairi la ziwa likamkumbusha kwao. Mmoja akaandika, niaje, huyu jamaa wa mlima ako na stress ama ni ulevi? Tulicheka mpaka mwenye saiba akatutazama. Halafu Alhamisi moja tuliweka shairi la mtu anayetembea vilimani kutwa nzima, peke yake, anaongea na mawingu, na jioni anarudi nyumbani moyo umejaa. Shairi hilo Wanjohi alikuwa ameliandikia tasnifu nzima. Saa saba na nusu mchana yakaja maoni yaliyotiwa sahihi ya Msonaji. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na sitakinyoosha, kilikuwa na kazi ya kufanya na kiliifanya.

"Habari. Mimi nasoma hii shairi mara tatu. Huyu bwana natembea siku mzima peke yake. Jioni narudi, nakula, nalala, asubuhi naandika. Nani napika? Nani nafua hiyo shati ya matope? Kwa shairi hakuna. Mimi nafikiri yeye hayuko peke yake. Yeye nasahau watu tu."

Wanjohi aliyasoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Huyu ni profesa anatutega," akasema.

"Profesa gani anauliza nani amefua shati?"

"Ndiyo maana nasema anatutega. Nafula, mimi nimekaa na hili shairi miaka miwili. Miwili. Sijawahi kuuliza huyu mtu amekula nini."

Tangu siku hiyo tulikuwa tukiandika kwa ajili yake, ingawa hatukusema. Alikuja kila Alhamisi kati ya saa saba na saa nane, wala si wakati mwingine. Tuliweka shairi la sherehe ya mavuno, watu wanaimba, meza imejaa. Msonaji akajibu: "Kwa nyumba ya shemeji mimi nakula mwisho, nasimama jikoni. Chapati ya mwisho hapana laini. Hii shairi nasema mavuno ni furaha. Uliza ile mkono nabeba sahani." Wasomaji wengine walimjibu, wakabishana naye, yule askari wa lango akamwambia dada umenifungua macho. Hakuna aliyejua ni nani. Angeweza kuwa mtu yeyote katika jiji lote hili, na ndiyo sababu aliweza kusema.

Baada ya miezi kadhaa aliniandikia barua pepe, mimi peke yangu, kwa sababu mimi ni mwanamke. Alinitajia duka na mtaa. Akasema nije Jumamosi, lakini nije kama mteja. Nikaenda. Lilikuwa duka refu na jembamba la vitambaa, marobota yamepangwa hadi juu, harufu ya pamba mpya na ubani. Mbele karibu na mlango alikaa shemeji yake, mzee mwenye sweta na thermosi ya chai, na kompyuta ya kuandikia bidhaa ilikuwa nyuma kabisa, chini ya picha ya mungu wao iliyovikwa shada. Mzee alinisalimu vizuri, akanimiminia chai yenye tangawizi kwenye kifuniko cha thermosi, akaita kwa lugha yao. Akatoka mwanamke mfupi, futi ya utepe shingoni, pini zimejaa kifuani mwa sari yake. Mume wake alikuwa amekufa miaka saba nyuma, na tangu hapo aliishi kwa huyu ndugu wa mume na kufanya kazi hapa.

"Madam, nataka kitambaa gani?"

"Cha pazia," nikasema. "La mtu anayeishi peke yake."

Alinitazama usoni kwanza, kisha akacheka bila kutoa sauti, mabega tu. "Hakuna mtu kama hiyo," akasema. "Pazia yake nani nafua?"

Tukaenda nyuma kupima. Akakunjua kitambaa cha kijani mezani, mita baada ya mita, na kwa kila mita alisema jambo. Kwamba shemeji anakwenda nyumbani kula saa saba na kurudi saa nane, na siku nyingine saa hiyo ni ya kupanga mzigo, lakini Alhamisi mzigo hauji. Kwamba hajawahi kusoma zaidi ya darasa la nane. Kwamba ameanza kuandika yake mwenyewe, kwa Kigujarati, nyuma ya karatasi za oda, na hajamwonyesha mtu. Kisha akashusha sauti.

"Hii saa ya Alhamisi ni yangu. Kwa nyumba hakuna saa yangu hata moja. Shemeji akijua mimi naandika mambo ya nyumba yake, kompyuta inaenda, na mimi inaenda. Wewe naelewa?"

"Hakuna atakayejua," nikamwambia.

"Apa."

Nikaapa. Aliweka mkasi kwenye kitambaa na kukikata mstari mmoja ulionyooka mpaka mwisho, akakikunja. Mzee aliandika risiti kwa mkono wake, akauliza jina langu na tahajia yake, akaniambia karibu tena mwalimu, maana nilikuwa nimejisahau nikasema nafundisha. Pazia hilo lilining'inia Uthiru hadi nilipohama.

Na unajua nilifanya nini na kiapo hicho? Jioni ile ile nilikwenda Satellite nikamwaga yote juu ya sahani ya githeri. Duka, mzee, thermosi, sari, pini, miaka, ujane, mtaa. Nilikuwa nimejaa kama mtoto aliyetoka harusini. Sikuona kama nimevunja kitu, kwa kuwa Wanjohi kwangu hakuwa mtu wa kufichwa, alikuwa mwenzangu wa kazi. Alisikiliza mdomo wazi. Halafu nikamwona ametulia, kile kidole chake kikigonga sahani, na nilikuwa namjua vya kutosha kujua kwamba ndani ya kichwa chake tayari kuna kichwa cha makala.

Idara ilikuwa inaandaa kongamano, na kila mtu alijua kwamba kuna nafasi moja ya ajira ya kudumu inakuja. Wanjohi akaandika karatasi juu ya wasomaji wa kawaida na Ulimbwende. Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo meno yakiwa yameumana, lakini ilikuwa nzuri, labda bora kuliko yote aliyowahi kuandika, na nusu ya uzuri wake ulikuwa sauti ya Msonaji. Alimfanyia kila kitu ambacho kanuni za utafiti zilidai. Alimbadilisha jina, akamwita Bi. M., na chini ya ukurasa akaweka tanbihi: jina limebadilishwa ili kumlinda mhojiwa. Mhojiwa. Mwanamke hakuwahi kuhojiwa na mtu. Alisoma shairi akaliuliza swali, sisi tukamgeuza mhojiwa. Na baada ya kumficha jina, karatasi ikaendelea kumweleza kama tulivyofundishwa kueleza: mjane, umri wake, jamii yake, elimu yake, anafanya kazi katika duka la vitambaa la shemeji yake, mtaa kwa jina lake, katikati ya jiji la Nairobi. Kisha ile chapati ya mwisho, neno kwa neno. Ukitaka kumpata ungehitaji miguu tu.

Siku ya kongamano ukumbi ulijaa. Profesa mmoja mgeni alisimama akasema hajawahi kusikia usomaji wa kina namna hiyo kutoka kwa mwananchi wa kawaida. Nilipiga makofi. Nilikula sambusa tatu na kunywa soda. Wanjohi alinishika bega mbele ya watu akasema, bila huyu Penseli hamna kitu hapa. Wiki iliyofuata karatasi zote za kongamano ziliwekwa kwenye tovuti ya chuo, hadharani, maana hilo ndilo lililokuwa jambo jipya la kujivunia, elimu iwe ya wote.

Alhamisi ikafika, saa saba ikapita, saa nane ikapita. Wanjohi akasema labda mzigo umekuja. Alhamisi ya pili hakuna kitu. Ya tatu sikwenda Satellite, nilikwenda dukani. Mzee alikuwa pale pale, sweta ile ile. Kule nyuma chini ya picha palikuwa na meza tupu na waya unaoning'inia ukutani. Nikamsalimu. Hakunipa chai. Alifungua droo, akatoa karatasi zilizopigwa pini, akaziweka juu ya kaunta akizinyoosha kwa kiganja. Nikaitambua ile ya Wanjohi hata kabla ya kusoma kichwa chake.

"Kijana ya jamii yetu nasoma kwa chuo yako," akasema. "Napeleka hii kwa hekalu. Mama yake nasoma, dada yake nasoma. Mimi naingia kusali, watu nanyamaza. Mimi nauliza, kitu gani? Nampa mimi karatasi."

"Mzee, mimi..."

"Wewe nakunywa chai yangu hapa. Mimi naandika jina yako kwa risiti, nauliza tahajia, nisikosee." Hakuwa anapaza sauti. Ningetaka apaze. "Hii ya chapati. Mimi sijui hii. Miaka saba mimi nakula, naenda kulala, siangalii nani nakula mwisho. Kweli, hiyo ni makosa yangu. Angeniambia. Wewe ungeniambia, hapa, kwa mlango. Lakini hekalu nzima najua mbele yangu."

Nikamwuliza yuko wapi. Akasema amekwenda kwa ndugu zake mwenyewe, mbali, mji mwingine, yeye hakumfukuza, nyumba ndiyo haikukalika tena, wanawake wa nyumba walikuwa hawamsemeshi. Nikauliza kama aliacha neno. Mzee alianza kukunja karatasi, akafikiri kidogo.

"Yeye nauliza kitu moja tu. Mengine yote alisema ni maneno yake, yeye naandika mwenyewe. Nauliza, nani naandika mtaa? Mimi namwambia, huyu bwana Wanjohi. Jina yake iko juu."

Nilinyamaza. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu ndilo ninaloandikia haya yote. Mzee alikuwa ananitazama, kulikuwa na nafasi ya kusema, na mimi nikanyamaza, nikasema pole, nikatoka.

Nilifika Satellite. Sikubisha hodi. Wanjohi alikuwa anakatakata vitunguu, na nilimpigia kelele mpaka mama wa chapati akaja kusimama ngazini. Nilimwambia ameuza mtu. Nilimwambia kazi ya kudumu imemtoa utu. Nilimwambia, mtu gani mwenye akili timamu anaandika mtaa? Aliniacha nimalize. Halafu akaosha mikono, akapiga magoti, akavuta sanduku la katoni kutoka chini ya kitanda, akatafuta humo kwa muda, akanipa ukurasa mmoja wa rasimu yake ya kwanza. Alikuwa ameandika: katika duka moja mjini. Ndivyo alivyoandika, akielea juu juu kama kawaida yake. Na pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wangu ule wa herufi zilizolala: Mjini wapi hasa? Kuwa bayana. Na chini yake, kwa penseli hiyo hiyo, kwa sababu nilijua jibu na nilikuwa na haraka, jina la mtaa.

Sikukumbuka kuliandika. Bado sikumbuki. Nilikuwa napitia kurasa ishirini, nilikuwa Uthiru mezani kwangu, pazia la kijani mbele yangu, na mkono ulifanya ulichozoea. Chini, fundi aliburuta geti, na wala hatukupiga kelele za hifadhi. Nilimrudishia ukurasa, nikachukua mkoba wangu, na huo ndio ulikuwa mwisho wangu katika chumba kile. Shairi la Alhamisi lilikufa wiki hiyo. Yeye alipata ile kazi. Mimi nilihamia chuo kingine, na watu wakasema Nafula ana msimamo, Nafula aligombana na Wanjohi kwa kumtetea msomaji. Nimesikia hadithi hiyo kwenye arusi, kwenye matanga, kwenye chai za baada ya mikutano. Sikuianzisha mimi. Lakini sikuwahi kuisahihisha, mimi ninayesahihisha hadi matangazo ya ukutani. Na Wanjohi, ambaye nimemsema vibaya kwa miaka hiyo yote, hakumwonyesha mtu ule ukurasa.

Kwa hiyo mkinisikia nimekasirika, jueni hasira yenyewe ina mitaa mingi. Nimewakasirikia waliotufundisha kwamba kumlinda mtu ni kumbadilisha jina. Nimelikasirikia hilo neno mwananchi wa kawaida, linalosemwa na watu wanaokula sambusa. Namkasirikia yule mshairi wa mlimani na shati lake la matope. Lakini zote hizo ni hasira za njiani. Nimemtafuta Msonaji. Nimeuliza katika mji ambao nilidhani ndio, nimeulizia kwa upole, kama mteja, na sikumpata. Yale aliyoandika nyuma ya karatasi za oda sijui yako wapi. Haya ninayoandika hapa pia sijamwuliza, sikujua nimwulize wapi, na ndiyo maana nimemfunika kwa mambo yasiyo yake kadiri nilivyoweza. Huenda hata hivyo nimekosea tena.

Jana asubuhi Chebet aliandika kwenye grupu. Samahani mwalimu, anasema, anaandaa utangulizi wa kitabu. Nakala ya ile karatasi ya kongamano aliyonayo ni ya fotokopi na mstari mmoja umefifia. Je, duka lilikuwa mtaa gani hasa? Ingependeza wasomaji waweze kupafikiria mahali penyewe. Watu wakaanza kukisia. Mmoja akataja mtaa, mwingine akasema hapana, maduka ya vitambaa yalikuwa upande ule mwingine. Waliendelea hivyo kama dakika kumi, wanacheka, wanakumbushana mji ulivyokuwa. Halafu Wanjohi, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajaandika kitu, akaandika maneno matatu. Nafula ndiye anajua.

Nilikaa na simu kwenye meza ya jikoni, chai ikapoa. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwishowe nikawapelekea hivi: Mtaa huo niliuandika mimi, kwa penseli yangu, baada ya kuapa kwamba hakuna atakayejua. Si Wanjohi. Yeye aliandika mjini tu. Yule mama alipoteza kila kitu kwa sababu ya neno hilo moja, na aliuliza nani ameliandika, nami nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Ufuteni kila mahali mlipouona. Maoni yake yatoeni pia, si mali yetu.

Wale walioniita mama wa ushairi hawakupiga makofi. Baada ya muda mrefu Chebet akaniandikia peke yangu. Samahani mwalimu. Tumefuta. Lakini sura ya Msonaji ndiyo moyo wa kitabu, na sasa pana ukurasa mzima mtupu. Niweke nini hapo?

Nikamjibu, weka kwamba hatukumwuliza.